Honda ya Bi Badriya Baada ya Eda

Eda ya Bi Badriya binti Nawaf ilikwisha siku ya Jumanne. Kwa miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya nyumba yake ya Kipawa bila manukato, bila wanja, bila kutia mguu barabarani, kama ilivyo ada ya mjane. Wifi yake Malak, dada wa marehemu mumewe Khalil, aliyetoka Tanga kuja kukaa naye, alikuwa ameshapanga kila kitu cha siku ile: kuoga, kubadili nguo, kufukizwa udi, kisha kuzunguka kwa ndugu mmoja mmoja kuwashukuru waliokuja matangani. Orodha ya ndugu aliiandika kwenye karatasi kabisa, ikafika majina ishirini na mbili.

Bi Badriya alioga, akabadili nguo, akafukizwa udi. Halafu badala ya kutoka kwa mlango wa mbele akatoka kwa wa nyuma, akaenda kwenye kibanda cha mabati kilichopo uani, akavuta turubai.

"Wifi, ndugu wanasubiri," Malak akasema.

"Ndugu watakuwepo hata wiki ijayo. Shelfu ya dukani kwa Editha haitakuwepo."

Chini ya turubai ilikuwa Honda tisini ya mwaka 1976, nyeupe kwa buluu, ile yenye uwazi katikati ambao mwanamke mwenye baibui anapitisha mguu bila kujipandisha nguo. Khalil aliirithi kwa baba yake na aliitunza kama mgeni wa heshima. Kila Ijumaa aliipangusa, akaipaka nta, akaitazama, akairudisha ndani. Kuiendesha, aliiendesha mara za kuhesabu. Duka lake la vitambaa lilipofungwa, miaka kumi na tisa iliyopita, ni mkewe aliyeitoa barabarani. Alijifunza mwenyewe kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili, akaanguka mara mbili, mara ya tatu akafika Gongo la Mboto na kurudi. Watu wa mtaa walisema waliyosema kwa mwezi mmoja, wakachoka. Tangu hapo anapika achari ya embe, achari ya ndimu na pilipili ya kusaga, anafunga makreti nyuma ya keria, anapeleka kwenye maduka kumi na moja kuanzia Kipawa hadi Pugu, mara mbili kwa wiki. Hakuwahi kuajiriwa na mtu wala kusubiri ruhusa ya mtu.

Khalil alifariki mwanzoni mwa Februari. Masika ikaja na fujo zake, maji yakapita uani kwa wiki nane, na Honda ikakaa juu ya matofali bila kuguswa, maana mwenye kuigusa hakuruhusiwa kutoka na fundi wa kiume hakukaribishwa uani kwa mjane. Malak alijaribu kutuma mzigo kwa bodaboda mara mbili. Mara ya kwanza chupa tano zilipasuka. Mara ya pili dereva alifika Pugu akiwa na harufu ya ndimu mpaka kwenye soksi, akasema hataki tena.

Duka la Editha pale Pugu lilikuwa likichukua nusu ya mzigo. Yale mengine kumi yalilipa mafuta na chumvi. La Editha ndilo lililolisha nyumba. Na Jumanne ileile, kabla hata udi haujazimika, Editha alikuwa amepiga simu, akimwita kwa jina la mtoto wake kama wafanyavyo wenye maduka wote.

"Mama Maisa, pole na eda. Nisikufiche, dada yangu. Kuna mwenzio anaitwa Benedicta, analeta achari kwenye chupa zenye lebo, mfuniko wa rangi ya dhahabu. Anaitaka shelfu yote. Nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa saa sita."

"Ijumaa kabla ya saa sita nitakuwa hapo na mzigo."

"Usafiri unao?"

"Ninao."

Hakuwa nao. Alisema anao kwa sababu ukimwambia mwenye duka "tutaona", yeye amesikia "hapana". Angeweza kukodi bajaji, ila bajaji ya kwenda Pugu na kurudi ingemeza faida ya mzigo wote, na Editha, ambaye hakuzaliwa jana, angetazama bajaji na kujua kwamba mzigo wa pili hauji. Ilibidi ifike Honda.

*

Jumatano asubuhi alikuja Marselino, fundi wa kona ya barabara ya vumbi, mtu wa Mbinga mwenye mikono ya kazi na mdomo usiopumzika. Riziki yake ilikuwa bodaboda za Kichina.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba. Ehe, hii chuma. Mie nilikuwaga naiona kwa paroko wetu nikiwa mdogo. Alikuwa anashuka nayo mlima injini imezimwa ili kubana mafuta."

"Marahaba. Iangalie hii kwanza, ya paroko utanihadithia ikishawaka."

Marselino alijaza upepo, akalainisha mnyororo, akasugua platini ya kukatia umeme wa cheche kwa msasa, akafungua plagi na kuisafisha. Mafuta yaliyobaki tangini aliyamwaga. Yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Akatia mapya lita mbili. Kabureta akaifungua juu ya gazeti, akaipuliza kwa mdomo, akaifunga. Kisha akaanza kupiga kiki. Ya kumi na nne, Honda ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika.

Malak, aliyekuwa dirishani na orodha yake, akasema alhamdulillahi.

Bi Badriya alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Alipofika sitini, injini ikazima.

Ikawashwa tena. Ikafika hamsini, ikazima. Mara ya tatu haikufika arobaini.

"Koili ya cheche, mama," Marselino akasema, akajifuta mikono. "Ikishapata moto inakata. Inunuliwe koili."

"Umeipima?"

"Kupima ya nini, huu uzoefu."

"Duka la spea halipokei uzoefu, linapokea hela yangu. Iwashe tena. Ikizima tu, toa plagi hapohapo ikiwa ya moto, piga kiki, tuone cheche."

Marselino alimtazama kama mtu aliyeambiwa na abiria namna ya kushika usukani, lakini akafanya. Injini ikazima, akachomoa plagi akiunguza vidole, akaiegemeza kwenye chuma, akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, nene, yenye mlio.

"Hiyo ndiyo koili mbovu?" Bi Badriya akauliza.

"Hiyo nzima."

"Basi tusiinunulie mwenzake. Endelea kutafuta."

Akafungua tena kabureta. Safari hii aliichungulia jeti, kile kishaba kidogo kama ncha ya kalamu chenye tundu jembamba la kupitishia mafuta, akakuta tundu limezibwa na kitu cheupe.

"Chumvi," akasema.

"Ya wapi?"

"Masika, mama. Unyevu. Sie tunakutana nayo sana."

Akang'oa waya mmoja kwenye kebo kuukuu ya breki, akachokonoa tundu, akapuliza, akafunga. Honda ikawaka, ikazima. Akafungua, akachokonoa, akafunga. Ikawaka, ikazima. Jua lilipoanza kulala aliomba kesho, na Bi Badriya akampa kesho kwa sababu hakuna kingine cha kumpa.

*

Alhamisi kabla Marselino hajafika, Bi Badriya alikuwa uani peke yake. Kabureta ilikuwa juu ya gazeti. Aliichukua jeti, akaiweka kiganjani, ikawa tena na ule weupe. Kwa kuwa kazi yake yote ni kujua kwa pua kama embe limeiva au limechacha, akainusa.

Miezi minne bila manukato inanoa pua. Mara ya kwanza hakuamini, akanusa tena. Halikuwa jambo la chumvi. Ilikuwa harufu ya sanduku la bibi.

"Malak."

"Abee, wifi."

"Njoo hapa. Hiki kitu kinanuka nini?"

Malak akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Naftalini," akasema.

"Imefikaje kwenye kabureta?"

"Kwenye kabureta sijaweka mie."

"Umeweka wapi?"

Ikabidi Malak aeleze. Mwezi wa Machi, mvua zilipokolea, mende walihamia ndani. Yeye, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake kila nyumba inapofiwa na nguo za marehemu zinapofungwa, alinunua naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuweka sandukuni, akaweka kila mahali: kwenye kanzu za Khalil, kwenye viatu vyake, chini ya godoro, nyuma ya redio. Akaenda na kibandani. Akainua kiti cha Honda, akakuta mende wamejaa, na chini ya kiti pana kifuniko.

"Nikakifungua. Nikaona ndani kuna nafasi."

"Hilo ni tangi la mafuta, Malak."

"Najua sasa. Nilitia sita tu."

"Sita tu."

"Tangu hapo mende hukuwaona."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Badriya alikubali kwa kichwa. Hakukasirika, maana hasira ingechukua muda na saa ilikuwa tatu kasoro. Kitu alichotaka kujua ni kama vidonge vilikuwa vimekwisha au bado vipo.

Marselino alipofika na kuelezwa, alikaa chini juu ya tofali akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka kumi na mbili ya kazi," akasema. "Nimetoa sukari kwenye tangi, nimetoa mchanga, nimetoa mjusi. Mie dawa ya mende sijaitoaga." Malak akarudi ndani na kufunga dirisha.

Alipomaliza kucheka, fundi alilieleza vizuri. Naftalini inayeyuka kwenye petroli. Petroli ikishuka kwenye kabureta na kukauka, ile dawa inarudi kuwa nyeupe, inaganda, na inaganda palepale palipo pembamba. Jana walimwaga mafuta ya zamani bila kuosha tangi, vipande vilivyolala chini vikaendelea kuyeyuka kwenye yale mapya. Wakalishusha tangi. Wakatia petroli kidogo na kipande cha mnyororo mkuukuu, Marselino akalitikisa kama mpiga kayamba, wakamwaga. Mara ya kwanza yalitoka maji meupe kama tui. Mara ya nne yakatoka safi, na Bi Badriya akatia pua kwenye tundu la tangi akasema sasa basi.

Honda ikawaka kwa kiki ya tatu. Ikafika sitini, ikapita mia, ikapita mia mbili. Haikuzima. Lakini ilianza kutoa moshi mweusi, na kila Marselino alipovuta mafuta ilikabwa, ikatapika, ikashuka pumzi. Chini ya kabureta petroli ikaanza kudondoka.

"Inakunywa sana," Marselino akasema polepole.

"Kwa nini inywe sana? Haikuwa na tabia hiyo."

Fundi akazima injini, akafungua kabureta. Bi Badriya akamnyooshea kiganja, akapewa jeti, akaiinua kwenye jua. Lile tundu ambalo miaka yote lilikuwa la kupitisha unywele, sasa lingepitisha sindano ya kushonea magunia.

"Jana asubuhi lilikuwa hivi?"

"Hapana."

"Nani kalipanua?"

"Zile za Kichina mama huwa tunachokonoa tu, haina ishu. Ikiharibika, jeti mpya ipo kila duka."

"Na ya hii?"

"Ya hii haipo. Hii nchi nzima sijui."

Mwanamke mwingine angepaza sauti. Bi Badriya alijua kwamba fundi aliyekosea na akajua kuwa umejua ni fundi wa bei nzuri, ila tu usimtukane.

"Kazi ya leo na ya kesho hunidai," akasema. "Na sasa hivi piga simu kwa kila fundi unayemjua. Uliza nani ana Honda tisini iliyokufa."

Simu ya saba ilijibu. Fundi mmoja wa Temeke alisema ya kufa anayo mtu mmoja tu, Burhan Jafferali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayekusanya pikipiki za kale na kuzipanga nyuma ya ghala lake. Lakini hauzi hata skrubu.

Bi Badriya alimfahamu. Mara mbili Burhan alimsimamisha barabarani kumwomba amuuzie Honda, mara ya pili akiwa ameshusha kioo cha gari katikati ya foleni. Aliingia chumbani, akafungua kabati la Khalil, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akakitia chini kabisa ya mkoba. Juu yake akaweka chupa mbili za achari ya ndimu.

*

Burhan Jafferali alimpokea kwa adabu zote, akampa pole ya msiba, akaagiza chai ya maziwa na bisikuti. Ukutani nyuma yake zilining'inia taa za pikipiki, nembo na picha za kiwanda. Pembeni, juu ya meza, Honda tisini nyekundu ilikuwa imefunguliwa vipande vipande kama kuku wa sherehe, na kabureta yake imelala kwenye sinia, imesuguliwa hadi inang'aa.

"Umekuja kuniuzia, Bi Badriya. Niambie umekuja kuniuzia."

"Nimekuja kukusalimu. Na nimekuletea achari, najua nyumbani kwako wanapenda ndimu."

"Wanaipenda. Na Honda?"

"Ipo. Inataka jeti ya kabureta."

Burhan aliangalia sinia, kisha akamwangalia yeye. "Hiyo siitoi. Nimeitafuta miaka miwili, nimeipata Zanzibar kwa mzee mmoja mgumu kuliko wewe. Lakini nikuambie ukweli kama ndugu. Pikipiki yako bila kabureta ni chuma. Niuzie mimi, unikabidhi leo leo, nikutafutie skuta mpya yenye kuwaka kwa kitufe. Utapeleka achari mpaka Kisarawe."

"Skuta haibebi makreti mawili kupanda Pugu."

"Basi tumekwama."

"Tumekwama," Bi Badriya akakubali, akanywa chai.

Hakuaga. Alisifu nembo za ukutani moja baada ya nyingine. Aliuliza ile nyekundu itakwisha lini. Burhan akasema ingekwisha zamani, tatizo ni kwamba anaunganisha kwa kubahatisha. Nyaya za umeme hajui hasa zinavyopita, na rangi ya mistari ya ubavuni hana uhakika nayo. Vitabu vya kwenye simu, kama alivyosema yeye, vimejaa uongo.

Bi Badriya akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Ili kuipata ikabidi atoe vitu, akaviweka mezani: funguo, simu, miwani, na ule mfuko wa plastiki. Kilichokuwa ndani kilionekana vizuri. Kilikuwa kitabu cha mwenye pikipiki, cha kiwandani, cha mwaka 1976, jalada lake bado limenyooka, na pembeni muhuri wa duka la Dar es Salaam lililoiuza.

Burhan aliweka kikombe chini.

"Ninaweza?"

"Tazama tu. Ni cha marehemu."

Alikifungua kwa ncha za vidole. Alifika kwenye ukurasa wa nyaya akakaa hapo muda mrefu, midomo ikitembea. Bi Badriya alipata leso, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Kiasi gani?" Burhan akauliza bila kuinua macho.

"Siuzi."

"Kila kitu kina bei, Bi Badriya."

"Wewe kabureta yako haina bei, mimi kitabu changu kina bei kwa nini?"

Burhan akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtu aliyeona kafungiwa mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. "Jeti peke yake, basi. Nakupa jeti."

"Nikupe kitabu kizima cha miaka arobaini na nane, unipe kipande cha shaba kidogo kama punje ya mchele. Hapana. Kabureta yote, na gasiketi yake, na ile plagi iliyo kwenye kopo."

"Mimi nitaendeshea nini?"

"Yako haiendi popote, Bwana Burhan, imewekwa iangaliwe. Wewe chukua kabureta yangu, uipake dawa ya kung'arisha. Nani atachungulia tundu?"

Burhan alifikiri. Alifunga kitabu, akakifungua tena ukurasa wa nyaya. Halafu akavuta sinia, akalisogeza upande wa mgeni. Ya plagi alibishia kidogo kwa ajili ya heshima, akaiachia.

Nyumbani Malak alipoona kabureta na asione kitabu, sura yake ilibadilika.

"Umetoa kitabu cha Khalil?"

"Nimekitoa."

"Alikuwa anakisoma kila Ijumaa, wifi. Kilikuwa na mkono wake, aliandika pembeni."

"Alikisoma miaka yote hiyo na hakikuwahi kuiwasha. Kesho kitaiwasha."

Malak akaingia ndani. Kidogo akatoka, akiwa amebeba ungo wa vifuniko, akaanza kufunga chupa za kesho. Walifunga mpaka magharibi, wanawake wawili na chupa sabini, na ndoo moja ya pilipili ya kusaga iliyobaki kwa kuwa chupa ziliisha.

*

Ijumaa saa nne Marselino alifunga kabureta. Saa nne na nusu Honda iliwaka kwa kiki ya pili, ikatulia na ule mlio wake wa cherehani. Hakuna moshi. Marselino alitaka kuizima ili akaze skrubu moja, Bi Badriya akamshika mkono.

"Kaza hivyohivyo ikiwa inawaka."

"Unaiogopa, mama?"

"Siiogopi. Siijui bado."

Wakafunga makreti mawili kwenye keria na ndoo mbele, kati ya miguu. Alipita Kipawa, akapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto akakata foleni ya malori. Kwenye kilima cha kuingilia Pugu akashusha gia, masikio yamesimama, akisubiri kukohoa ambako hakukuja. Saa tano na dakika ishirini alisimama mbele ya duka la Editha. Aliitegemeza Honda kwenye stendi yake na kuiacha ikinguruma, akaingiza kreti moja na ile ndoo.

Shelfu ilikuwa imeshajaa. Chupa za Benedicta, mfuniko wa dhahabu, lebo yenye picha ya embe linalocheka, safu tatu kutoka ukutani hadi ukutani.

"Alikuja jana jioni," Editha akasema kutoka nyuma ya kaunta, mwanamke mnene mwenye kalamu kwenye nywele. "Alikuwa na gari. Nikaona, sasa huyu yupo hapa na mzigo, na Mama Maisa sijui."

"Ulisema Ijumaa saa sita."

"Nilisema. Nisamehe. Lakini lebo zinauza, dada, watu wanapenda picha."

Bi Badriya hakubishana na shelfu iliyojaa. Aliomba maji, akakaa juu ya kreti, akafanya kama anapumzika. Kwa robo saa alitazama wateja wakiingia. Mama mmoja alinunua chupa moja yenye dhahabu. Kijana wa chipsi akauliza pilipili ya kupima, Editha akasema hakuna. Akaingia muuza mihogo, naye akauliza pilipili ya kupima. Wa tatu alikuwa na kopo lake mkononi kabisa, akaondoka nalo tupu.

"Hao wanakuja kila siku?" Bi Badriya akauliza.

"Kila siku. Huyo Benedicta nimemwuliza, anasema yeye haachi mzigo bila lebo."

"Ana haki. Shelfu mwachie."

Editha akamtazama.

"Mimi nipe kaunta. Hapo, karibu na mizani. Ndoo moja ya pilipili, hii hapa, na Jumanne ndoo moja ya achari ya embe, na kijiko cha kupimia. Mwenye chipsi hatazami picha, anatazama kama inawasha. Kila Jumanne na Ijumaa nachukua ndoo tupu, naacha zilizojaa. Ikibaki ikachacha, hasara yangu. Hizi chupa sabini nitazigawa njiani."

Editha alitoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. Alionja pilipili kwa ncha ya kidole, akafumba jicho moja.

"Na ukikosa kuja? Wenye chipsi wakizoea halafu ndoo ikakauka, matusi nitayala mimi. Miezi minne hukuja."

"Nilikuwa edani."

"Najua, na sikulaumu. Naulizia hiyo." Akaelekeza kidevu nje. "Tangu uje haijazimwa. Mbona huizimi?"

"Naiacha ipumue."

"Mama Maisa, mume wangu alikuwa na lori bovu miaka sita. Gari linaloachwa likinguruma nje ya duka nalijua. Kaizime, uiwashe tena. Ikiwaka, kaunta yako. Isipowaka, utaniuzia hiyo ndoo moja na nitakuitia bajaji ya kukurudisha."

Kijana wa chipsi alikuwa amerudi kuulizia viberiti. Akasimama mlangoni kutazama. Bi Badriya alitoka, akakunja baibui kidogo, akazungusha ufunguo. Pakawa kimya, ukasikika tu mlio wa chuma kikipoa. Injini ilikuwa ya moto kabisa, moto uleule uliokuwa ukiizima Jumatano. Alihesabu mpaka kumi, kwa kuwa Editha asingekubali pungufu. Kisha akapiga kiki.

Haikushika.

"Moja hiyo," Editha akasema.

Bi Badriya hakupiga upesi. Aliufungua mkono wa mafuta wote ili injini ya moto ivute hewa, akauacha hivyo, akapiga kiki mara moja ndefu kutoka juu mpaka chini. Honda ikashika. Akapunguza mafuta, ikatulia.

Editha alisimama mlangoni akiisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama upande. Aliingia dukani, akasogeza mizani, akaondoa boksi la sabuni, na pale kwenye kaunta pakabaki nafasi ya ndoo mbili.

"Kijiko cha kupimia ulete cha kwako," akasema. "Na Jumanne uwahi, wenye chipsi wanachukua saa mbili."

"Saa moja na nusu," Bi Badriya akasema, akaipandisha ndoo kwenye kaunta. Kijana wa chipsi alikuwa wa kwanza kupimiwa.

Alipomaliza alifunga tena makreti, akazima Honda mwenyewe bila kuambiwa, akanunua maji, akayanywa yote akiwa amesimama. Kisha akaiwasha na kushuka. Kulikuwa na maduka kumi mbele yake na chupa sabini za kuyagawia, na orodha ya Malak, majina ishirini na mbili, ingesubiri Jumapili.